Anaandika vicheko, mama yake avisome

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke huyu ameshacheka mara nne, na hakuna hata mara moja aliyofurahi.

Ameketi peke yake kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya rangi. Kuta zimebandikwa vipande vya godoro ili sauti isiingie wala kutoka. Hedifoni imembana masikio, na mbele yake, kwenye kompyuta, mzee mmoja wa filamu ya kigeni amegandishwa mdomo wazi. Anabonyeza kitufe. Mzee anacheka kwa sekunde mbili. Anamrudisha nyuma, mzee anacheka tena.

Kisha anavua hedifoni, anafumba macho na kukicheka kile kicheko yeye mwenyewe, kama kilivyo: kwanza puani, halafu kifuani, halafu puani tena.

"Hiki ni cha puani," anasema huku akiandika. "Cha puani mara nyingi hakina wema. Mtu akikufurahia, anakuchekea kwa tumbo."

Ukuta wa upande wa pili unagongwa. Ni fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye hayo magodoro hayajamsaidia sana.

"Leo mmekunywa nini huko?" anapaza sauti. "Na sisi mtuletee!"

"Kazi, fundi! Kazi tu!" anamjibu, na kurudisha hedifoni kichwani.

Kazi yenyewe ni kuandika yale maneno yanayopita chini ya filamu, kwa ajili ya watu wasiosikia. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu na ameifanya kwa miaka tisa. Kabla ya hapo alikuwa mchapaji wa barua za watu kwenye kibanda cha fotokopi. Mazungumzo, anasema, ndiyo mepesi: mtu kasema, wewe unaandika. Kinachomtoa jasho ni yale yanayosikika bila kusemwa. Mlango umebamizwa chumba cha pili. Mvua imeanza. Mtu amekohoa nyuma ya pazia.

Na juu ya yote hayo, vicheko. Ofisi nzima, kuanzia mfagiaji hadi mkubwa wao, inamwita Mama Kicheko, naye anaitika.

Filamu aliyonayo wiki hii ina dakika tisini na sita na vicheko mia mbili na kumi na viwili. Amevihesabu. Filamu za nje huja na orodha ya sauti iliyoandikwa kwa Kiingereza, na katika orodha hii neno moja limejirudia mara sitini na moja.

"Chuckle," anasoma, akiligonga kwa ukucha kwenye skrini. "Hili neno wenzetu wamelifanya chumvi. Babu anamtazama mjukuu anajifunza kutembea, chuckle. Mwizi kafungua sefu, chuckle. Bosi anamfukuza mtu kazi, naye chuckle. Haya, sasa mimi niwaandikie watu wangu nini?"

Kamusi inasema maana yake ni kucheka kidogo, chinichini, kwa ndani. Hana ugomvi na kamusi. Ila amegundua kwamba wenyewe wanalitumia popote pale kicheko kinapokuwa kifupi, na ufupi wa kicheko haukwambii kama mtu anakupenda au anakuchimbia kaburi.

"Kamusi haijakosea," anasema. "Tatizo la kamusi haina hedifoni."

Basi hulichukua kila "chuckle" na kulisikiliza upya. Kama ni babu, ataandika [Anacheka kwa upendo]. Mwizi, [Anajichekea]. Bosi, [Kicheko cha dharau]. Wakati mwingine mtu anajichekesha tu ili asionekane ameumia, na hapo anaweza kukaa nusu saa kabla hajaridhika. Malipo ni kwa dakika ya filamu. Dakika yenye vicheko vingi inamla saa nzima, na malipo ni yale yale.

Hakuwa hivi zamani, na haoni haya kulisema. Miaka minane ya kwanza aliandika [Kicheko], au neno la kwanza lililomjia, na kwenda zake nyumbani. Kilichombadilisha ni kosa, na kosa hilo lilimpata mtu wa nyumbani kwake.

Mama yake ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, mwanamke wa kukaa mbele ya swichi na waya na kuunganisha watu. Aliwajua wapigaji kabla hawajasema halo. Daktari fulani alikuwa na tabia ya kucheka kidogo kabla ya kuongea, mhasibu alikuwa akivuta pumzi, na yule msambazaji wa dawa aliyekuwa akidanganya kila wiki alikuwa anacheka mwanzo na mwisho wa sentensi.

"Mama ndiye aliyenifundisha kazi hii, ila hakujua kama ananifundisha," anasema bintiye. "Anarudi jioni, anavua viatu, anaanza kutuchekea vicheko vya watu wa hospitali mmoja mmoja. Tunakaa chini tunabashiri nani ni nani."

Na kicheko cha mama mwenyewe kilikuwa na jina lake mjini. Watu walipiga simu hospitali bila shida yoyote, wakisingizia wamekosea namba. Kilianza kimya kimya, mabega yakitikisika. Halafu kikatoka kwa juu, mara moja, na mkono wake ukatua kwenye paja la yeyote aliyekaa jirani.

"Hili la kulia," anasema Mama Kicheko, akilipapasa paja. "Nimelelewa kwa kupigwa hapa."

Miaka sita iliyopita homa ya uti wa mgongo ilimlaza mama wiki tano. Alipotoka hospitali alikuwa hai, anatembea, anaongea, na hasikii kitu. Anaongea kwa sauti ya kumfikia mtu wa mtaa wa pili, kwa sababu hajui inafika wapi. Midomo ya watu wa nyumbani anaisoma. Mengine anaandikiwa kwenye daftari la shule ambalo halikosekani mezani. Kitu kimoja kilimshinda. Kila akitaka kucheka, mkono unapanda haraka kufunika mdomo, na kicheko kinabaki humo humo.

"Sijui kinatokaje siku hizi," mama humwambia bintiye. "Isije ikawa nabweka."

Raha iliyombaki ilikuwa runinga ya jioni. Hasa tamthilia, na hasa zile zilizopita mikononi mwa binti yake. Alikaa katikati ya kochi, mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja kulia, bintiye kushoto, anasoma anatikisa kichwa.

Miezi minne iliyopita ilikuwa ikionyeshwa tamthilia ya vipindi kumi na viwili, kimoja kila wiki. Ndani yake kulikuwa na baba mkwe. Katika kipindi cha kwanza bi harusi anazungumza mezani, na baba mkwe anacheka kidogo. Orodha ya Kiingereza ilisema "chuckle". Siku hiyo Mama Kicheko alikuwa na kazi ya kukabidhi kabla ya saa kumi, na mtoto nyumbani ana homa. Akaandika [Anacheka kwa upole] bila kusikiliza vizuri.

Hapo ndipo kompyuta ikamuuliza swali inalouliza siku zote: mhusika huyu ana neno hili hili mahali thelathini na nne katika tamthilia nzima, nikuwekee kote? Akabonyeza ndiyo.

"Kidole changu mwenyewe," anasema, akikitazama kama kimemkosea adabu. "Ndiyo. Kote."

Vicheko vyote thelathini na vinne vilikuwa vya dharau. Mzee yule alikuwa akimcheka mkwewe puani tangu siku ya kwanza, na kila mwenye masikio alilijua hilo kabla chai haijaisha mezani. Mama hakujua. Yeye alisoma upole wiki baada ya wiki. Akampenda yule mzee. Akamsifia kwa majirani, dirishani, kwa sauti yake ile. Akamwambia mjukuu wake, "Wewe siku ukiolewa, Mungu akupe mkwe wa namna hii." Wenzake kochini, ambao wana masikio na hawasomi maandishi, wakadhani anafanya mzaha.

Kipindi cha mwisho, baba mkwe akamtoa bi harusi nje kwenye mvua na mzigo wake.

"Huyu amepatwa na nini?" mama akapiga kelele. "Amelogwa? Mtu mzuri vile!"

Sebule ilikuwa imejaa. Kaka mkubwa wa Mama Kicheko, mtu asiyeweza kukaa na utani tumboni, akaangua kicheko, akamgeukia mama na kumtamkia kwa mdomo mpana ili asome: "Mama! Huyu alikuwa anamdharau tangu mwanzo! Hukuona?"

Mama akawatazama wote, mmoja mmoja. "Nyote mlikuwa mnajua?"

Mjukuu, ambaye hajui kudanganya, akatikisa kichwa kukubali.

"Hakunigombeza," anasimulia bintiye, na hapa anatoa kitambaa mfukoni. "Angenigombeza ningelala. Alisema tu, 'Kumbe nimemsifia mtu mbaya miezi mitatu mbele za watu.' Akachukua ufumaji wake akaenda jikoni."

Tangu jioni hiyo mama hakukaa tena sebuleni runinga ikiwa imewashwa. Alibebwa kwa maneno matamu, akabembelezwa, kaka akaja na matunda na kuomba radhi. Wapi! Aliwaambia anafuma, na kweli alifuma. Kwa miezi minne mjukuu wake amepata masweta matatu, na joto lote hili.

Kesho yake asubuhi Mama Kicheko aligonga mlango wa msimamizi wake. Huyo ofisini wanamwita Mkasi, maana hakuna sentensi aliyowahi kuiona fupi vya kutosha. Mstari mmoja wa maandishi ni herufi thelathini na saba, anapenda kukumbusha, na jicho la mtazamaji halina miguu ya kukimbia. Alipoambiwa kwamba kuanzia sasa kila kicheko kitaandikwa kilivyo, alikataa pale pale.

"Mtazamaji anataka kutazama, Mama Kicheko. Hataki insha."

"Mtazamaji ninayemsema mimi yuko jikoni kwangu," akajibiwa. "Na hatazami kabisa."

Walivutana wiki nzima. Mwishowe Mkasi, ambaye naye ana mama, alilegea. "Maneno matatu," akasema. "La nne nakata. Na kama mhusika anaonekana kwenye picha, usimtaje jina, watu wanamwona." Wakapeana mikono.

Kuanzia hapo ndipo ilipoanza kazi ya kucheka vicheko vya watu ndani ya stoo. Amegundua kwamba asipokipitisha kicheko kwenye mwili wake, hakijui kinakotoka. Kina mahali pake kila kimoja: pua, koo, kifua, tumbo. Cha kuogopa kinakaa juu kabisa, karibu na meno. Pia hukiweka kicheko kwenye skrini sekunde ile ile kinapoanza. Kikitangulia, kinaharibu mzaha. Kikichelewa, msomaji anacheka wenzake wakiwa wameshanyamaza, na hakuna upweke kama huo.

Filamu ya wiki hii aliiomba mwenyewe. Ni ya wazee wawili majirani wasiopikika chungu kimoja, ambao wamelazwa wodi moja, na muuguzi amewachanganyia meno ya bandia. Kila mmoja ametoka hospitali na meno ya mwenzake, kila mmoja anajua, na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kusema. Inakabidhiwa Jumatatu asubuhi.

"Nimemwandikia Mama kwenye daftari," anasema Ijumaa, akizima kompyuta. "Nimemwambia: Mama, nisaidie kazi. Nilikosea mara moja, naogopa kukosea tena. Amekaa nalo siku mbili. Jana akanijibu, 'Nitakaa mlangoni. Nikichoka natoka.' Basi. Asipokaa mpaka mwisho, sijui nitamwandikia nani hivi vicheko."

Jumamosi, saa nane mchana. Sebule ni ndogo, yenye kochi moja, viti viwili vya plastiki na feni inayogeuka kwa shida upande wa kushoto. Baba watoto anachomeka fleshi kwenye runinga. Kaka mtu amekuja, ameapa kufunga mdomo. Mama ametoa kiti cha jikoni na kukiweka pale pale mlangoni alipoahidi, ufumaji mapajani. Bintiye yuko pembeni ya kochi, kalamu mkononi, na hatazami runinga hata kidogo. Anamtazama mama yake.

Dakika ishirini zinapita. Mama anafuma. Anainua macho, anasoma, anafuma.

Kisha inafika sehemu ambapo mmoja wa wale wazee yuko peke yake chumbani. Amefungua droo, ametoa miwani ya marehemu mkewe, ameivaa, anajiona kwenye kioo na kucheka. Chini kumeandikwa [Anacheka kwa aibu].

"Hapo umekosea," mama anasema, na mtaa wa pili umesikia.

Filamu inasimamishwa.

"Huyo haoni aibu," anaendelea mama, akinyoosha sindano ya kufumia kuelekea kwenye skrini. "Rudisha. Tazama mabega. Mtu mwenye aibu mabega yanapanda. Yake yameshuka. Na shingo hiyo, ona, anameza. Huyo amemkumbuka mkewe."

Bintiye anachomeka hedifoni yake kwenye runinga, anaivaa na kurudisha nyuma. Anasikiliza mara moja, mara mbili. Mara ya tatu anafumba macho na kukicheka mwenyewe, na mwisho wa kicheko anakutana na kitu alichokipita siku nzima ya Jumatano: pumzi ndogo iliyokwama.

"Ee Mama," anasema. "Kweli."

Anaandika kwenye daftari na kumwonyesha: [Kicheko kinamkaba kooni]. Mama anasoma na kuhesabu kwa vidole. "Matatu. Mkasi wako hana la kusema." Halafu anaona kwamba pale mlangoni feni haimfikii. Anasimama, anabeba ufumaji wake, anamsukuma mjukuu kwa nyonga na kukaa katikati ya kochi. Kaka mtu anatazama darini, akimeza mate.

Filamu inaendelea hadi kwenye harusi. Mzee mwingine, yule mkali, amesimama kutoa nasaha kwa maharusi. Meno si yake. Kila akifika kwenye herufi ya s, yanapiga mluzi. Chini kunatokea [Meno yanapiga mluzi]. Mama anasoma. Mabega yanaanza. Mzee anajikaza, anasisitiza, anasihi, anasalimia wazazi wa pande zote mbili, na kila mluzi ni mrefu kuliko uliopita. Wageni kwenye skrini wameinamisha nyuso. Hakuna kingine kinachoonekana, ila ukumbi, mzee na kipaza sauti.

Ndipo kunaandikwa, kwa sekunde mbili tu: [Mbwa anaitikia nje].

Mama anakipiga kicheko. Kinatoka kwa juu, mara moja, na wote sebuleni wamecheka sekunde ile ile, maana mbwa huyo haonekani popote. Wao wamemsikia, yeye amemsoma. Mkono haukwenda mdomoni. Umetua kwenye paja la kulia la bintiye, paa! kisha tena, paa! Ufumaji umeanguka chini, uzi umekwenda chini ya meza, na mzee bado ananasihi na mbwa bado anaitikia. Mama Kicheko anacheka na kulia kwa pamoja na hajali nani anamwona.

Maandishi ya mwisho yanapopita, anaeleza mpango wake huku akifuta uso. Jumatatu anakwenda ofisini na mama yake. Mkasi ataambiwa kwa simu leo hii. Kuanzia sasa mama ataitazama kila filamu kwanza bila maandishi, aseme mabega yanasema nini, kisha yeye ataisikiliza, na wasipokubaliana wataanza upya. Anataka pia Mkasi amlipe, na kwa hilo anasema yuko tayari kuvutana naye wiki nyingine.

"Mimi nilikuwa na masikio tu," anasema. "Macho nilikuwa nimeyaacha jikoni."

Mama hajaisoma midomo yake. Amelivuta daftari, na anamgusa bintiye begani.

"Wewe ndiye fundi wa mambo haya," anasema, safari hii akijitahidi kushusha sauti. "Niambie ukweli, usinifurahishe. Mimi sasa hivi nacheka vipi?"

Binti anachukua kalamu. Hafumbi macho, wala hajaribu kukicheka kwanza. Kicheko hiki anakijua kinakotoka. Anaandika mstari mmoja, ndani ya mabano, na kuligeuza daftari.

[Mama anacheka kama zamani]

Mama anausoma. Anausoma tena, kidole kikipita chini ya kila neno, midomo ikihesabu.

"Umezidisha," anasema. "Haya ni manne. Na mimi naonekana, si unaniona? Mkasi angekata 'Mama'."

"Hilo hakati mtu," bintiye anamtamkia polepole, asome vizuri.